UZI: Bima ya afya Tanzania imefuata karatasi ya mshahara. Kutoka Igunga 1995 hadi sheria ya 2023

Wakuu, salaam zenu.

Kila mjadala wa bima ya afya kwa wote ukianza, unaanzia Septemba 2022, muswada uliposomwa bungeni kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana tunabishana bila kuelewana. Jambo hili lina karibu miaka 30, na makosa mengi tunayoyaogopa leo tulishayafanya zamani, tena kwa majina mengine.

Mimi ni tabibu mstaafu. Miaka ya tisini nilikuwa mganga mfawidhi wa zahanati moja mkoani Tabora, nikaja kumalizia utumishi hospitali ya wilaya nikishughulika na madai ya bima. Fedha za CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii wa vijijini, nimezipokea kwa mkono wangu na stakabadhi nimeandika mimi. Na ni mimi niliyekuwa nawaambia watu wenye kadi kwamba dawa zimeisha.

Kabla ya bima kulikuwa na bure

Vijana wengi wanadhani neno "bure" lilikuwa siasa tu. Hapana. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, zahanati zilijengwa vijijini kwa kasi ambayo sijaiona tena, na mtu alitibiwa bila kuulizwa senti. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali za binafsi za biashara, zikabaki za Serikali na za mashirika ya dini. Kwa hiyo hakukuwa na soko la bima, kwa sababu hakukuwa na cha kukatia bima.

Kilichoiua bure ni rafu tupu. Baada ya vita vya Kagera na uchumi kuyumba miaka ya themanini, zahanati zilibaki na jengo, mhudumu na daftari. Kuanzia 1984 tulikuwa tunaletewa maboksi ya dawa muhimu kwa msaada wa Denmark. Boksi la mwezi mmoja likifunguliwa tarehe mosi, kufikia katikati ya mwezi klorokwini imekwisha, na masika ndiyo kwanza yanaanza. Mgonjwa unampima, unamwandikia, unamwambia akanunue mjini. Hiyo ndiyo bure niliyoihudumia mimi. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena, na 1993 ukaanza uchangiaji, kwanza kwenye hospitali kubwa za rufaa, halafu mikoani na wilayani.

Igunga

Desemba 1995 Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, mkoani kwetu Tabora, Benki ya Dunia ikiwa nyuma yake. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza kwenye mkutano wa kijiji: kaya inalipa mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, halafu baba, mama na watoto wanatibiwa mwaka mzima. Asiyejiunga analipa papo kwa papo kila akija. Igunga ilianza na shilingi 5,000 kwa kaya. Kwa kila shilingi iliyokusanywa Serikali iliongeza nyingine, ikaitwa "tele kwa tele". Sheria yenyewe ilipitishwa 2001, wakati mpango umeshaenea wilaya kadhaa.

Kwetu sisi mwaka wa kwanza ulipokelewa vizuri. Watu walikuwa wameuza pamba, kamati ya zahanati imepita nyumba kwa nyumba, mwenyekiti wa kijiji kajiunga mbele za watu. Mwaka wa pili waliorudi kulipia hawakufika nusu. Nilikaa na daftari nikilipitia jina kwa jina, na nilichokiona sijakisahau mpaka leo. Waliorudi walikuwa wale wenye mtoto wa kifafa, mama mwenye pumu, mzee wa presha. Walioacha ni wale ambao mwaka mzima hawakuugua, au waliugua wakaja wakakuta hakuna dawa. Wa kwanza walisema "hela yangu imeliwa". Wa pili walisema "kadi yenu haitibu". Na kwa kweli wote walikuwa na hoja.

Kuna jingine ambalo watunga sera walichelewa kuliona. Kadi ya CHF ya zamani ilikuwa ya kituo ulichojiandikisha, ikisogea sana ni ndani ya wilaya. Msukuma anayehama na ng'ombe, au kijana anayekwenda kulima tumbaku wilaya jirani miezi minne, kadi yake inabaki nyumbani kama picha ukutani. Ukipewa rufaa kwenda mkoani, ndiyo umeishia hapo.

NHIF: mfuko ulioanza na waajiriwa

Wakati sisi tunahangaika na mavuno ya pamba, kwa watumishi wa umma kulikuwa na njia nyingine kabisa. Sheria Na. 8 ya 1999 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ukaanza kazi Julai 2001. Mchango asilimia 6 ya mshahara: 3 ya mfanyakazi, 3 ya mwajiri. Anayefaidika ni mwanachama, mwenza, na wategemezi wanne, wakiwemo wazazi wa pande zote mbili. Ulianza na watumishi wa Serikali kuu, halafu wakaingia wa halmashauri na taasisi.

Nikiri kwamba tuliupokea kwa hasira. Mwalimu jirani yangu aliona makato kwenye karatasi ya mshahara kabla hajaiona kadi. Miezi ilipita. Lakini tofauti na CHF, hakuweza kuacha mwaka wa pili. Mzima alikatwa, mgonjwa alikatwa, kijana wa miaka 24 alikatwa sawa na mzee anayekaribia kustaafu. Kwa hiyo mfuko ulikua. Ukasajili hospitali za dini na za binafsi, famasi na maduka ya dawa muhimu. Ukaweza hata kuwaacha wastaafu waendelee kutibiwa bila kuchangia.

Nawaomba mpige hesabu pamoja nami, kwa sababu hapa ndipo kiini kilipo. Mtumishi wa mshahara wa shilingi 600,000, asilimia 6 ni 36,000 kwa mwezi, yaani 432,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa watu sita ni 72,000 kwa kila kichwa. CHF iliyoboreshwa, ile iliyoenezwa nchi nzima kuanzia 2018, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita. Hiyo ni 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima, haifiki shilingi 14 kwa siku. Wote wawili tulisema wana bima ya afya. Mmoja alitibiwa mpaka Muhimbili, mwingine mwisho wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa, tena akikuta dawa.

Na kampuni binafsi? Zilikuja baada ya milango kufunguliwa, Strategis, AAR, Jubilee na nyingine, zikaenda kwenye benki, migodi na mashirika ya kimataifa. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ikaanzisha fao la matibabu kwa wanachama wake. Ukitazama vizuri ni mlango uleule: mwajiri analipa, au mshahara unakatwa. Soko zima la bima ya afya nchini limekua mahali penye karatasi ya mshahara. Kwa mkulima, mvuvi na mama lishe tumeleta hiari, kila mara kwa jina jipya.

Kwa haki niwataje UMASIDA wa Dar es Salaam, umoja wa matibabu wa watu wa sekta isiyo rasmi, ulioanza katikati ya miaka ya tisini. Wale walijikusanya kwenye vikundi vyao vya kazi, wakachanga na kuingia mkataba na zahanati binafsi. Walifanya kabla Serikali haijawafikia. Lakini vikundi vidogo havibebi upasuaji wa wanachama watatu ndani ya mwezi mmoja.

Naendelea kwenye Toto Afya, kadi ya watoto ya NHIF, na sheria mpya hapo chini. Karibuni.

---

Mama wa Wawili

Shikamoo mzee. Asante kwa uzi. Naomba ukifika kwenye Toto Afya usipite haraka. Mimi nauza chakula, mume wangu fundi wa pikipiki. Mwanangu wa pili alizaliwa na tatizo la moyo. Nilimkatia Toto Afya kwa 50,400 na ile kadi ndiyo iliyombeba mpaka akafanyiwa upasuaji. Ulipofika wakati wa kulipia tena, dirishani nikaambiwa usajili wa mtoto mmoja mmoja umesimamishwa, nisubiri aanze shule aandikishwe na wenzake. Alikuwa na miaka mitatu. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikashindwa hata kupanda daladala. Nataka mtu anieleze kosa langu lilikuwa nini.

---

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Pole sana, na namshukuru Mungu mtoto alipata upasuaji. Kosa hukufanya. Ulifanya anachofanya mzazi yeyote mwenye akili.

Toto Afya Kadi ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, yaani 4,200 kwa mwezi. Ilikuwa bei nzuri na watu waliipenda. Lakini ilikuwa hiari, kama CHF ya Igunga. Mzazi mwenye watoto wanne, mmoja mgonjwa, alimkatia yule mgonjwa. Watatu wazima akawaacha kwa sababu hela haikutosha. Hivyo mfuko ukajaa watoto wa saratani, selimundu na matatizo ya moyo, na makusanyo yakawa sehemu ndogo tu ya kilicholipwa hospitalini. Machi 2023 NHIF wakasimamisha usajili wa mmoja mmoja na kuwaelekeza watoto waingie kupitia shule. Kwa hesabu ya mfuko lilieleweka. Kwa mtoto wa miaka mitatu mwenye tundu kwenye moyo halikueleweka, na mimi sikulielewa. Ukishampokea mtu mgonjwa ukampa kadi, humtoi katikati ya matibabu kwa sababu hesabu haijakaa sawa. Kosa ni la muundo, na waliolilipia ni watoto ambao hawakuuchora.

Vifurushi vya NHIF vya Novemba 2019 navyo, Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, vilikuwa na shida hiyohiyo, na vilianzia 192,000. Hapo ni 16,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Waliokuwa tayari kuzitoa kwa hiari yao ni wale waliojua watazitumia. Kwa wakulima ilikuwepo Ushirika Afya, 76,800 kwa mtu mzima, kupitia AMCOS, vyama vyao vya ushirika wa mazao. Hii niliipenda, kwa sababu makato yanafanyika mazao yanapouzwa na kikundi kinaingia kizima. Pale ushirika ulipokuwa imara ilifanya kazi. Pale ushirika ulipokuwa na migogoro yake ya malipo, nani atakubali akatwe tena?

---

Dirisha la Madai

Mzee umesema ukweli mtupu, lakini upande wa watoa huduma umeupitia juujuu. Mimi naandaa madai kwenye hospitali ya binafsi mwaka wa tisa sasa. NHIF analipa kwa kila huduma iliyotolewa: kumuona daktari bei yake, kipimo bei yake, dawa bei yake. Unapeleka madai ya mwezi, yanakaguliwa, yanakatwa, unalipwa pungufu, na hela inachelewa. Kumbuka NHIF kwa hospitali nyingi ndiye mteja mkubwa kuliko wote. Akichelewa, mishahara inachelewa.

Sitawatetea wenzetu wanaojaza fomu kwa vipimo ambavyo havikufanyika. Wapo, na wanatuharibia. Lakini kitita kipya cha mafao kilichoanza Machi 1, 2024 kilishusha bei za baadhi ya huduma mpaka chini ya gharama yetu. Hospitali kadhaa kubwa za binafsi zikatangaza kutowapokea wanachama wa NHIF siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa kaunta. Nilimrudisha mama mjamzito na kadi yake mkononi, kwa maagizo. Siku chache baadaye mazungumzo yakafanyika, huduma zikarudi. Ule uso sijausahau.

---

Mwanzisha uzi

Asante sana ndugu yangu, umeleta jambo ambalo sisi wa vituo vya umma hatukuliona kwa ukaribu huo. Niongeze moja. Kulipa kwa kila huduma ndiko kulikofanya hospitali binafsi zikapanuka haraka mijini, kwa sababu kila mtumishi mwenye kadi alikuwa fedha inayotembea. Lakini ndiko kulikoufanya mfuko ushindwe kujua mwezi ujao utadaiwa kiasi gani. CHF iliyoboreshwa ilikwenda njia tofauti, fedha inagawanywa vituoni kwa mafungu. Huko watu hawaandiki vipimo hewa. Huko wanakosa motisha ya kumpokea mwenye kadi. Nimeona kwa macho yangu wa papo kwa papo akihudumiwa kwanza, kwa sababu fedha yake inaonekana mezani leo. Mwenye CHF anakaa mpaka saa nane.

---

Mwana wa Kisumu

Hamjambo majirani. Nimesoma nikaona ni kama hadithi yetu, ila sisi tulianza mapema. NHIF ya Kenya iliundwa 1966, miaka mitatu tu baada ya uhuru. Ilikuwa lazima kwa wenye mshahara wa shilingi elfu moja kwenda juu kwa mwezi. Walio nje ya ajira wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari 1972. Mwaka 2004 Waziri Charity Ngilu alipeleka mswada wa bima ya jamii kwa kila Mkenya, Bunge likapitisha, Rais Kibaki hakuutia saini. Tukakaa. Mwaka 2015 makato yakapanda, kutoka kiwango cha juu cha shilingi 320 hadi 1,700 kwa mwezi, na wa kujilipia wenyewe kutoka 160 hadi 500.

Hao wa 500 ndio shida ileile mzee anaieleza. Mama anajisajili akiwa mjamzito au mzee akiwa anataka dialisisi, akipona anaacha kulipa. Oktoba 1, 2024 NHIF ikafungwa, tukahamia SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Sasa mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, hakuna kikomo cha juu. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake, paa, choo, halafu mtambo unamwambia alipe kiasi gani, kiwango cha chini 300 kwa mwezi, na tulipoanza alitakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mara moja. Kwa mama mboga hiyo ni 3,600 siku moja. Usajili ni wa watu wengi, kulipa ndiyo vita. Angalieni hapo sana.

---

Mwanzisha uzi

Karibu sana jirani. Hilo la kulipa mwaka mzima kwa mkupuo nimelishuhudia Tabora pia. Kaya iliyoweza kutoa 5,000 Julai, baada ya kuuza pamba, haikuwa nayo Februari. Nasi tulikuwa tunapita kuandikisha mwezi wowote gari la wilaya lilipopata mafuta.

Kwa upande wa magharibi kwetu yupo Rwanda, na tukiwataja tusiishie kusema "wenzetu wana nidhamu". Mituweli yao, yaani bima ya afya ya jamii, iliwekewa sheria ya kumlazimisha kila mkazi. Kaya zilipangwa kwa uwezo kupitia Ubudehe, mpango wao wa madaraja ya kaya, na jamii yenyewe ilikaa kuamua nani ni maskini. Kwa mfumo wa 2011, wa madaraja ya chini kabisa walikuwa wa faranga 2,000 na wakalipiwa, wa kati 3,000, wa juu 7,000. Kilichowabeba ni kule kulipiwa kwa maskini. Lazima bila mtu wa kumlipia maskini ni kodi ya kichwa, na babu zetu waliijua ile.

---

Kijana wa Tegeta

Mzee kwa heshima zote, mimi napinga. Nina miaka 26, nafanya kazi kwenye duka la simu, sina mkataba. Siumwi. Kwa nini nilazimishwe? Muswada ule wa 2022 ulitaka mtu asipate leseni ya udereva, leseni ya biashara wala kuingia kidato cha tano mpaka awe na bima. Na bei iliyotajwa ilikuwa 340,000 kwa familia ya watu sita, 84,000 kwa mtu mmoja. Kama bima ni nzuri, si iachwe ijiuze yenyewe?

---

Mwanzisha uzi

Mwanangu, swali lako ndilo swali lenyewe, nalijibu kwa uzito wake.

Kwanza, uko sahihi kuhusu muswada ule. Kumzuia mtoto kidato cha tano kwa sababu baba yake hajalipa bima ni kumwadhibu mtu mwingine. Wananchi walipiga kelele, wabunge wakapiga kelele, muswada ukarudishwa. Uliopitishwa Novemba 2, 2023 umebakiza msimamo kwamba bima ni lazima kwa kila mkazi, na umeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, wenye vyanzo kama ushuru wa vinywaji baridi, pombe na vipodozi. Hicho ndicho kilichohitajika tangu 2001. CHF haikuwahi kuwa na mlipaji wa maskini aliye wazi kisheria. Palikuwa na msamaha tu, na msamaha ule nilikuwa naukubali au kuukataa mimi, mganga wa zahanati, huku nikijua kila ninayemsamehe ananipunguzia klorokwini ya mwezi ujao. Hilo ni jambo baya kumtwisha tabibu wa kijijini.

Pili, kuhusu kujiuza yenyewe. Imejiuza kwa miaka karibu 30. Hesabu ya sensa ya 2022 ni watu milioni 61.7, na wakati huo waliokuwa na bima ya aina yoyote ni takribani asilimia 15, tena wengi wao ni wale waliokatwa mshahara bila kuulizwa. Hiari imeshindwa kila wilaya ilikopita, na haikushindwa kwa sababu watu wetu hawaelewi. Wanaelewa vizuri mno. Mzima anaona hapotezi kitu akisubiri, na kwa mwaka mmoja kweli hapotezi. Mpaka bodaboda ipinduke Bunju usiku, na ndugu waanze kupitisha daftari la mchango.

Nataka uufikirie mchango ule. Sisi tayari tuna bima ya lazima, haina tu jina. Ndugu akilazwa, kwenye kundi la familia linaandikwa jina na kiasi, na huwezi kukataa bila kuonekana. Kaka anauza kiwanja. Mama anauza ng'ombe wawili. Wewe usiyeumwa umeshawahi kuchangia mara ngapi mwaka huu?

---

Kijana wa Tegeta

Mara nne mzee. Na hii ya mwezi huu ya shangazi bado sijamalizia.

Sawa, nimekuelewa upande huo. Lakini nikilipa halafu nikaenda nikaambiwa dawa hakuna, kanunue nje? Hilo hujalijibu.

---

Mwanzisha uzi

Sijalijibu kwa sababu hapo niko upande wako moja kwa moja.

Nitakuambia kisa kimoja halafu nipumzike, macho yangu siku hizi hayapendi skrini. Palikuwa na mzee mmoja kijijini kwetu, mfugaji, mtu wa heshima. Mwaka wa kwanza wa CHF alilipa yeye na akawalipia kaya mbili za wadogo zake. Masika yale mjukuu wake akashikwa na malaria kali. Wakaja usiku, nikawasha karabai, nikamlaza mtoto. Kwinini ya sindano haikuwepo. Boksi la mwezi lilikuwa limekwisha, na fedha ya CHF, pamoja na tele kwa tele yake, ilikuwa kwenye akaunti wilayani ikisubiri kikao cha bodi ili iidhinishwe. Fedha ilikuwepo, wakuu. Michango ya wanakijiji wenyewe, imekaa benki, na mimi sina sindano. Tukamfunga mtoto kwenye kiti cha baiskeli, mjomba wake akampeleka kituo cha afya, kilomita 19. Aliishi.

Mavuno yaliyofuata nilimpitia yule mzee na kitabu cha stakabadhi. Alinikaribisha, akaniletea kigoda, tukaongea habari za mvua. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mganga, mimi nilishalipa. Sasa ni zamu yenu."

Sikuwa na cha kumjibu, nikafunga kitabu nikarudi zahanati. Siku hizi fedha za kituo zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kamati ya pale pale inaidhinisha, na hilo ni jema ambalo sisi hatukuwa nalo. Kwa hiyo nikiulizwa sheria ya 2023 iangaliwe wapi kwanza, nawaomba mwende zahanati ya mbali kuliko zote wilayani kwenu, tarehe 25 ya mwezi, mwombe kuona rafu ya dawa.

Mama wa Wawili, nakutumia ujumbe pembeni kuhusu kliniki ya moyo ya mtoto. Usiache tarehe yake ipite kwa sababu ya kadi.